Wimbo Niliourudisha Jukwaani

Mchezo wetu ulikuwa wa kuimba tangu mwanzo hadi mwisho. Hakuna mchezaji aliyeruhusiwa kusema neno bila kuliimba, hata akiomba maji ya kunywa. Namna hiyo ya mchezo niliijua nikiwa sekondari, kwa mwalimu wa muziki aliyetuimbisha kisa cha mfalme aliyeibiwa viatu. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, na nikatoka shuleni nikijiambia kwamba siku moja nitatunga wa kwetu. Kisha nikaajiriwa kuwa karani wa kupima tumbaku, nikaoa, nikapata binti mmoja, nikastaafu, nikafiwa na mke. Nilipokuja kuutunga nilikuwa nakaribia miaka sabini. Ulinichukulia binti yangu. Simaanishi kwamba amekufa. Yumo humu ndani, anashona sare za watoto wa shule, na asubuhi ameniamkia vizuri kabisa.

Kikundi chetu kilikuwa cha wanakwaya wa kigango cha kanisa, upande wa Kakese, nje ya mji wa Mpanda. Walikuwa vijana kumi na wanne na wazee wawili, mimi kwenye kinanda cha betri, na mtani wangu. Mimi ni Mnyamwezi, yeye ni Mfipa, na kwa desturi yetu Mfipa ana ruhusa ya kunisema atakalo mbele ya watu, nami yeye vilevile. Mke wangu alipofariki, ndiye aliyejifunga kitenge cha marehemu, akabeba beseni lake na kupita katikati ya waombolezaji akiita kuku kwa sauti ileile ya marehemu, huku akiniuliza kwa nguvu nani atanifulia soksi. Watu walicheka na machozi yanawatoka. Mimi mwenyewe nilicheka, na ilikuwa mara ya kwanza kwa siku tatu kuvuta pumzi ikafika chini. Kwa hiyo utani naujua. Siwezi kujitetea kwamba sikuujua.

Tulifanyia mazoezi kwenye ghala la mahindi, msimu ambao lilikuwa tupu. Hadithi ilikuwa nyepesi. Mzee mwenye majivuno ana binti mmoja, na siku moja posa tatu zinaingia nyumbani kwake kwa pamoja. Wa kwanza ni mfugaji anayeimba majina ya ng'ombe wake wote, na kila akifika wa kumi anasahau na kuanza upya. Wa pili ni mrina asali wa Ugalla aliyekuja na mzinga, na nyuki bado wamo. Binti yangu aliimba nafasi ya binti, na mavazi yote aliyashona yeye kwa vitenge vilivyochakaa na magunia. Alikuwa na sauti ambayo ukiisikia unaacha unachofanya.

Posa ya tatu ndiyo iliyoniponza.

Wakati huo binti yangu alikuwa na mchumba wa kweli, kijana wa Mishamo aliyekuwa akileta maharage Mpanda kwa pikipiki. Baba yake aliletwa kutoka Burundi akiwa mtoto mkimbizi, akakulia kwenye makazi ya Mishamo, akafyeka pori, akalima mahindi na mihogo mpaka nywele zikawa nyeupe. Siku walipokuja kujitambulisha alivaa koti la kahawia na kofia. Baada ya salamu alitoa mfuko wa nailoni uliofungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Akaufungua taratibu, akatoa cheti chake cha uraia, akakiweka mezani mbele yangu.

"Mkwe mwenzangu, soma," akasema. "Nisingependa mtu aje kukuambia baadaye kwamba nilikuficha kitu."

"Aa, mzee, sisi hatuulizi mambo hayo."

"Wewe huulizi. Wengine huuliza."

Nikasoma. Akakikunja palepale kilipozoea kukunjwa, akakirudisha mfukoni, akafunga mpira. Binti yangu alipoleta chakula, mzee alimwambia asikae jikoni, aje ale nasi. Wakaongea wawili hao kuhusu namna ya kukausha mihogo kama watu waliojuana miaka.

Kesho yake nilikuwa nanyoa ndevu nikajikuta napiga mluzi wimbo mpya. Mpaka jioni ulikuwa umekamilika. Baba wa mchumba wa tatu anaingia na mfuko wa nailoni, na kila anachoulizwa anatafuta jibu kwenye karatasi. Umekula, mzee? Ngoja nitazame. Una watoto wangapi? Imeandikwa. Mkeo yuko wapi? Muhuri upo. Mvua inaanza kunyesha, naye anaufunika mfuko kwa koti lake, mke anabaki analowa. Na binti, pamoja na kwaya yote, wanaitikia: Onyesha, baba, onyesha, wingu limetanda, onyesha!

Nafasi hiyo nilimpa mtani wangu, kwa kuwa hakuna aliyemzidi kuchekesha. Aliiimba mara moja, vijana wakagaagaa chini kwa kicheko. Yeye akaja mpaka kwenye kinanda.

"Mtani, huyu si yule mkwe wako?"

"Ni mtu tu wa kwenye mchezo."

"Mtu tu! Mtumwa wangu wewe, hata kudanganya hujui. Ndiyo maana babu yangu alikununua kwa debe moja la ulezi."

"Babu yako alikuwa anakula panya. Hilo debe la ulezi angelitoa wapi?"

"Aliwauza panya kwa babu yako!"

Vijana wakashangilia. Aliwangoja watulie, kisha akainama karibu yangu, na sauti yake ikawa nyingine.

"Sikiliza sasa, hapa sitanii. Mimi na wewe tunatukanana kwa sababu babu zetu walikubaliana. Babu wa yule mzee alikubaliana na nani?"

"Ameishi hapa maisha yake yote. Ni mwenzetu."

"Amekuambia yeye umtanie?"

Nilimjibu kwamba kumtania mtu ndiko kumkaribisha, kwamba asiyetaniwa ndiye mgeni. Nililisema vizuri, na mtani wangu akanyamaza, maana hakusoma kama mimi na mara nyingi aliniachia maneno. Lakini jambo moja nililifanya ambalo halina maneno mazuri. Yule kijana alikuwa akipita mazoezini kumchukua binti yangu. Kila nilipousikia mlio wa pikipiki yake nilikuwa nauruka ule wimbo, nakwenda moja kwa moja kwenye wimbo wa mwisho. Sikumwagiza mtu, niliinua tu kidole, na kwaya yote ikaelewa. Utani hufanywa usoni pa mtu. Mimi nilikuwa naficha, na anayeficha anajua anachoficha.

Wiki mbili kabla ya onyesho, binti yangu alinijia akiwa na pini za nguo mdomoni. Akazitoa moja moja ndipo akasema.

"Baba, wimbo wa mfuko utoke."

"Ndio wanaoucheka kuliko zote, mama."

"Ndiyo maana utoke."

"Wewe mwenyewe ulikuwa unaucheka."

"Nilicheka siku ya kwanza. Siku ya pili nikamwona mzee. Ile karatasi aliingoja miaka, baba. Aliniambia siku waliyopewa alitembea nayo shambani, hakujua aiweke wapi."

Nilijisikia vibaya, na sisemi hivi ili kujipamba. Nikasema, "Haya. Nautoa."

"Kweli?"

"Nimesema nautoa."

Tukautoa. Kwa wiki mbili tulifanya mazoezi bila ule wimbo, na mchezo ukawa mfupi lakini mzuri. Ndipo binti yangu, kwa kuniamini, akampelekea mkwe wake mwaliko. Nilijua siku mbili kabla. Akaniambia huku anatabasamu, "Baba mkwe anakuja na basi la asubuhi. Nimemwekea benchi la mbele."

Ilikuwa Jumapili baada ya ibada, kiangazi, vumbi jekundu kila mahali. Jukwaa lilikuwa matela mawili ya trekta yaliyosogezwa pamoja kando ya ghala. Watu walikuja kutoka vijiji vya jirani, wengine walibaki wamekalia baiskeli zao wapate kuona vizuri. Kina mama walikaanga mihogo pembeni. Mzee wa Mishamo alikuwa benchi la mbele, koti lilelile la kahawia, mfuko wa nailoni magotini. Nilimsalimia. Akanishika mkono kwa furaha na kusema hajawahi kuona mchezo wa kuimba, ila ujana wake aliimba besi.

Mfugaji alipoanza kuita ng'ombe wake, familia za Kisukuma zilizokaa upande wa kulia ziliangua kicheko. Mzee mmoja akasimama na kupaza sauti, "Wee! Yule mwenye pembe moja umemruka!" Mrina asali akafukuzwa na nyuki jukwaa zima, akaangukia kwenye pipa. Watu wakapiga vigelegele. Wakaanza kupiga makofi ya mdundo wakitaka zaidi, na niliona vidole vikininyooshea mimi kwenye kinanda, wakiambizana huyo ndiye mtunzi.

Nilikuwa nimekaa nyuma ya mizani maisha yangu yote, nikiwasomea watu uzito wa tumbaku yao, na hakuna mtu aliyewahi kufurahi kuniona.

Sasa ilikuwa zamu ya wimbo wa mwisho. Nisiseme kwamba vidole vilijiendea, vidole havijiendei. Nilipiga mwanzo wa wimbo wa mfuko.

Mtani wangu alinigeukia na kutikisa kichwa. Nikapiga mwanzo ule tena, kwa nguvu zaidi. Makofi yaliongezeka, na mchezaji aliyesimama mbele ya makofi ni kama ng'ombe aliyenusa maji. Mfuko wa mazoezi ulikuwa bado umo mfukoni mwake. Akautoa.

Umekula, mzee? Ngoja nitazame. Kicheko kilichotoka hapo kiliruka mpaka barabarani. Kwaya ikaitikia, na binti yangu, aliyekuwa ameushika wimbo ule kwa miezi, akaitikia nao kabla hajajua anafanya nini. Onyesha, baba, onyesha. Aliimba mistari miwili, vizuri kama kawaida yake. Kisha akatazama benchi la mbele.

Jirani wa yule mzee alikuwa ameuona mfuko uliokuwa magotini. Akamgusa mwenzake. Mwenzake akanyoosha kidole, na kidole kikaenda benchi hadi benchi, mpaka watu wa kwenye baiskeli wakawa wanasimama kwenye pedeli wamwone. Walidhani naye ni mchezaji tuliyemweka kati ya watazamaji. Wakacheka upya.

Binti yangu akanyamaza. Akaziba mdomo kwa kiganja. Na mimi nikapaza sauti, "Imba, mama! Imba!"

Kuna mtu alirekodi kwa simu, na video ile ilizunguka kwenye magrupu Mpanda nzima. Niliiona mara moja. Mzee mwenye kinanda anacheka, meno yote nje, anampungia mkono binti aliyesimama kama aliyepigwa. Sikuwahi kujua kwamba nina uso wa namna ile.

Mzee wa Mishamo hakuondoka. Aliingiza mfuko ndani ya koti, akafunga vifungo, akatazama mpaka mwisho. Halafu akanijia akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mmeimba vizuri," akasema. "Kinanda unakijua."

Akamuulizia binti yangu amuage. Hakuwepo, alikuwa ameshakwenda nyumbani na vazi la jukwaani mwilini. Kijana alikuwa barabarani juu ya pikipiki, injini inawaka. Hakushuka, hakuniamkia. Baba yake akapanda nyuma, wakaondoka.

Nyumbani nilimkuta binti yangu amekaa chini jikoni.

"Ilikuwa mchezo tu, mama."

"Yeye hakuwa mchezaji."

"Nitamwelewesha."

"Nimeimba, baba. Ulipiga, nikaimba."

Kijana alikuja siku tatu baadaye. Walisimama getini nami nikawa sebuleni nikisikiliza. Alimwambia kwamba mzee hana neno, mambo yaendelee. Binti yangu akasema, "Najua hana neno. Nitampelekea chakula kwa mikono ipi?" Kijana akasema yatapita. Akamjibu, "Yakipita utaniona." Sikuelewa alikuwa anasema yapiteje.

Mtani wangu alielewa. Alikuja wiki hiyohiyo na kamba mkononi. "Twende Mishamo," akasema. "Mbuzi wa kuomba radhi ninaye. Wewe utasema, mimi nitapiga magoti, maana wewe kupiga magoti hujui."

Nikakataa. Nilisema upande wa binti hauendi kubisha hodi kwa waoaji, kwamba desturi haipo hivyo, itaonekana tunamtembeza mtoto. Waje wao kwanza, tutayazungumza. Hilo ndilo kosa langu la pili, nalo ni baya kuliko la kwanza, kwa sababu la kwanza lilichukua dakika tano na hili nililirudia kila siku. Desturi niliijua vizuri nilipotaka kukaa nyumbani. Nilipotaka kuchekesha niliisahau.

Mtani alikwenda peke yake. Akarudi akasema, "Mimi nimesamehewa. Umebaki wewe." Tangu hapo hajanitania tena. Akinikuta ananisalimia kwa jina la ukoo, kama mtu wa ofisini.

Masika yalipita, na masika mengine. Binti yangu aliacha kwaya. Hakunikosea adabu hata siku moja. Aliniamkia, akanipikia, akaniuliza kama dawa za presha zimekwisha. Kama angenitukana ningejua pa kuanzia. Mara mbili tatu, tukiwa tunakula, aliniuliza, "Baba, huna safari mwezi huu?" Nikasema sina, niende wapi na miguu hii. Akaondoa vyombo.

Mwishowe nilikwenda, baada ya mavuno ya pili. Nilimwambia naenda hospitali kupimwa macho, nikapanda basi la Mishamo. Nilitaka nirudi na jambo lililokwisha tengenezwa, nimpe kama zawadi.

Mzee nilimkuta uani anapiga maharage kwa fimbo juu ya turubai. Aliponiona aliweka fimbo chini, akaniletea kiti, akamwita mkewe alete maji ya kunawa. Nikasema yote niliyokuwa nimeyapanga njiani. Kwamba niliahidi kuutoa, kwamba niliurudisha mwenyewe, kwamba binti hakujua. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilikasirika," akasema. "Nilikasirika sana. Nilitaka kuinuka niondoke, nikaona nikiinuka ndio watajua kweli ni mimi. Nikakaa."

Mkewe akaleta maji, nikanawa, naye mzee akaendelea.

"Halafu nilikungoja. Mwaka wa kwanza nilimwambia mke wangu, asiuze yule jogoo mkubwa, mkwe atakuja. Mwenzako alipokuja peke yake nikamuuliza, mwenyewe yuko wapi? Akatazama chini."

"Nimekuja sasa, mkwe mwenzangu."

"Umekuja. Nimekusamehe, usibebe hilo." Akachukua maharage machache, akayapuliza makapi kiganjani. "Ila kijana anaoa. Binti wa kijiji cha pili hapo. Matangazo ya ndoa kanisani yameshasomwa mara mbili, imebaki moja."

Nilikula chakula chao. Wakati wa kuondoka alinifungia maharage kwenye mfuko wa sandarusi na kusema, "Mpelekee mwanangu." Hakusema binti yako.

Nilifika nyumbani jua likiwa bado juu. Nikampa maharage, nikamwambia yametoka wapi na nani amesema nini, sikuficha kitu. Aliyamwaga kwenye ungo, akakaa kwenye kigoda mbele yangu, akaanza kuyachagua, mabovu huku, mazima kule.

"Yamesomwa mara ngapi?" akauliza.

"Mbili."

Akaendelea kuchagua.

"Ungeniambia kwamba unaenda."

"Nilitaka nikakusafishie njia kwanza, mama."

"Mimi nilikuwa nangoja uniambie twende. Tangu wiki ile. Nisingeweza kwenda mwenyewe, wangesema nimejipeleka. Na nisingeweza kukutuma, wewe ni baba yangu. Kila ukivaa koti nilikuwa nasema ni leo."

Nikamwambia anisamehe.

"Nilishakusamehe, baba," akasema, bila kuinua macho kwenye ungo. "Sogeza miguu, unakanyaga maharage."

Nikasogeza miguu.